Lugha ya Barua: Umri Uandikwe kwa Maneno Yaliyo Wazi

Mkulima mmoja akitaka kununua vifaranga mia moja walioanguliwa jana, na jirani yake akitaka kuku waliokwisha kuishi siku mia moja, watu hao wawili hawatafuti kitu kimoja. Wa kwanza hana budi kutayarisha taa ya joto na chakula cha vifaranga; wa pili ahitaji banda pana na magunia ya chakula cha kuku wanaokua. Hata hivyo, katika barua ya Kiingereza maombi yao hutenganishwa na kistari kidogo tu. "100 day-old chicks" ni vifaranga mia, kila mmoja wa siku moja. "100-day-old chicks" ni kuku wa siku mia, wala idadi yao haikutajwa hata kidogo. Mtu aandikaye "100 day old chicks" bila kistari chochote amemwachia muuzaji kazi ya kukisia, na hasara ya makisio hayo yaweza kumrudia mnunuzi mwenyewe.

Mambo ni yale yale kwa mitamba. "Two-year-old heifers" ni mitamba waliotimiza miaka miwili, ambao wakitunzwa vema wamekaribia au wamefikia wakati wa kupandishwa. "Two year-old heifers" ni mitamba wawili, kila mmoja wa mwaka mmoja, na mwenye hao bado ana safari ndefu kabla ya kuona maziwa. Afadhali basi mwandishi aepuke hatari yote kwa kupanga maneno yake upya: "two heifers, each one year old." Sentensi iliyo ndefu kidogo na wazi yashinda fupi yenye mashaka.

Na hapa ikumbukwe kanuni moja. Maneno ya umri yakitangulia jina la kitu, Kiingereza huyafunga kwa vistari na kuliacha neno "year" bila "s": "a two-year-old heifer," "a ten-year-old boy." Yakija baada ya kitendo, vistari huondoka na "s" hurudi: "The heifer is two years old." Kuandika "a ten-years-old boy" ni kosa, na kuandika "the boy is ten year old" ni kosa pia.

MIAKA HAIMILIKIWI

Kiswahili husema kwamba mtu "ana" miaka thelathini, kana kwamba miaka ni mali iliyowekwa sandukuni. Wafaransa nao husema hivyo. Lakini Mwingereza hamiliki miaka yake. Yeye "ni" wa miaka hiyo. Kwa hiyo "I have thirty years" si Kiingereza. Pana njia tatu zilizo safi: "I am thirty," au "I am thirty years old," au, katika fomu na barua za kazi, "aged 30." Ile ya tatu yafaa zaidi mahali ambapo maneno ni ya kubana, kama vile "a farmer aged 52."

Lakini neno "aged" lina tabia mbili. Likifuatwa na tarakimu, halisemi kwamba mtu ni mzee, hata mtoto mchanga aweza kuwa "aged two months." Likisimama peke yake, kama "an aged man," maana yake ni mtu mkongwe, na likisomwa kwa sauti hutamkwa kwa silabi mbili. Mwandishi atakayemwambia mkuu wake "I am aged" na kusahau kuandika tarakimu, amejitangaza kuwa mkongwe aliyechoka, jambo ambalo huenda hakulikusudia.

Tena, wengi huchanganyikiwa na maneno "in my sixtieth year." Mtoto akizaliwa, mwaka wake wa kwanza huanza siku ile ile, naye hutimiza mwaka mmoja unapokwisha. Kwa hesabu hiyo, mtu aliye katika mwaka wake wa sitini ana miaka 59. Katika utumishi wa serikali ya Kenya, ambako umri wa kustaafu ulipandishwa kutoka miaka 55 hadi 60 mwaka 2009, tofauti ya mwaka mmoja ni mishahara kumi na miwili. Neno kama hilo halifai kuandikwa kwa kubahatisha.

NENO MOJA, MAANA TATU

Kiswahili ni tajiri mahali ambapo Kiingereza ni maskini. Chifu aliyeishi miaka mingi huitwa chifu mzee. Chifu aliyeacha kazi huitwa chifu wa zamani. Koti lililochakaa huitwa koti kuukuu, na nyumba iliyodumu vizazi vingi ni nyumba kongwe. Mwingereza hulitumia neno moja tu, "old," kwa yote hayo, naye hutegemea maneno ya jirani yamsaidie.

Kwa sababu hiyo "the old chief" yaweza kuwa na maana mbili, na barua ya shamba au ya mirathi inaweza kuharibika hapo. Tuseme kwamba mtu aandika kuwa mpaka wa shamba lake ulikubaliwa mbele ya "the old chief." Je, alikuwa chifu yule wa zamani, ambaye cheo chake kilikuwa kimekwisha, au ni chifu aliye kazini, ila mwenye mvi? Shauri lote laweza kugeuka kwa jibu hilo. Mwandishi mwangalifu ataandika "the former chief" ikiwa cheo kimekwisha, "the retired chief" ikiwa alistaafu, na "the late chief" ikiwa amefariki. Na akitaka kusema kwamba chifu huyo ni mtu mzima sana, ataandika umri wake: "the chief, who is now 68." Tarakimu haina maana mbili.

Vivyo hivyo "an old friend" si rafiki mkongwe, bali ni rafiki wa siku nyingi. Marafiki wawili wa miaka ishirini na mitano waweza kuitana hivyo bila uongo. "An old boy" wa shule fulani ni mtu aliyesoma pale zamani. Na "my old man," ambayo vijana wengi huipenda, katika mazungumzo ya Waingereza ni baba au mume, nayo haifai kabisa katika barua ya afisi.

UZEE NA HESHIMA

Hapa ndipo wasomaji wengi hukwama, maana adabu ya lugha hizi mbili haifanani. Kumwita mtu mzee kwa Kiswahili ni kumpa kiti. Hata mwenye miaka arobaini aweza kupewa jina hilo kwa ajili ya cheo au busara yake. Jomo Kenyatta aliitwa Mzee na taifa zima, na magazeti ya Kiingereza yaliliacha neno hilo lilivyo mbele ya jina lake, kwa kuwa tafsiri ya Kiingereza isingalibeba heshima ile. Kinyume chake, Mwingereza akiitwa "old man" na mtu asiyemjua, aghalabu atahisi amedharauliwa.

Kwa hiyo imekuwa desturi kutafuta maneno ya upole. "Elderly" ni la adabu kuliko "old," lakini halina kipimo. Mmoja atalifikiria kwa mtu wa miaka 60, mwingine kwa mtu wa 80. Lafaa katika hadithi, halifai katika ombi la haki. "Senior citizen" ni la upole pia, ila "senior" likiwa peke yake ni neno la cheo. "A senior clerk" ni karani wa daraja la juu, hata kama ana miaka 35. "He is my senior" katika afisi maana yake ni kwamba yu juu yangu kazini. "He is my senior by ten years" ndiyo isemayo umri.

Umoja wa Mataifa umechagua maneno "older persons." Mwaka 1990 Baraza Kuu la Umoja huo liliamua kwamba tarehe 1 Oktoba iwe siku ya watu hao duniani kote, na mwaka 1995 kamati yake ya haki za kiuchumi, kijamii na za utamaduni ilieleza kwamba maneno hayo ndiyo itakayoyatumia. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 nayo yasema "older members of society." Anayeandikia afisi juu ya wazee hatakosea akifuata mojawapo ya hayo.

Lakini "elder" ni neno jingine kabisa, wala lisichanganywe na "elderly." "Elder" ni mzee wa cheo: mzee wa kanisa, mzee wa Njuri Ncheke kule Meru, mzee wa kaya kwa Wamijikenda. Mtu wa miaka arobaini aweza kuwa "elder," na mtu wa miaka tisini asiwe. Ukiandika kwamba "all elderly men" walihudhuria baraza, umesema waliohudhuria ni wenye umri mkubwa. Ukiandika "all the elders," umesema ni wenye mamlaka ya kuamua. Muhtasari wa mkutano ukikosea hapo, uamuzi wenyewe waweza kutiliwa shaka.

Katika jamaa, "elder" husimama mbele ya jina: "my elder brother." Lakini halifuatwi na "than." Husemwa "he is older than I am," wala si "elder than." Na "he is bigger than me" ni habari ya kimo na unene, mwenye kuandika hivyo juu ya kaka yake hajaeleza nani alizaliwa kwanza. Pia "my follower," ambayo hutumiwa sana Kenya kwa maana ya ndugu anayemfuata mtu kwa kuzaliwa, mgeni ataielewa kuwa ni mfuasi, kama wa dini au wa chama. Iandikwe "my younger sister" au "the brother next to me in age." Na "agemate," ambalo kwetu ni neno la kawaida, likienda ng'ambo ni bora liandikwe "a man of my own age." Ikiwa ni rika la kimila lenye jina lake, neno lake ni "age-set."

JUU YA, CHINI YA, NA KUTIMIZA

Sheria haipendi maneno ya kukisia, na mwandishi wa barua aweza kujifunza kwake. Katiba, katika kifungu cha 260, yaeleza kwamba mtoto ni mtu ambaye hajatimiza miaka 18. Kijana ni aliyetimiza miaka 18 lakini hajatimiza 35. Na mzee wa jamii ni aliyetimiza miaka 60. Neno lake la Kiingereza ni "attained." Mtu hutimiza umri siku ile ya kuzaliwa kwake inaporudi, si kabla wala si baada.

Lipimwe sasa neno "over 60." Mama mwenye miaka 60 na miezi mitatu, je, yumo au hayumo? Wengine watasema yumo, kwa kuwa amepita sitini kwa miezi mitatu. Wengine watasema hayumo mpaka atimize 61. Anayetaka kumjumuisha aandike "60 and over" au "aged 60 or above," na ubishi utakwisha. "Under 18" halina taabu, maana mwenye 18 hayumo. Lakini "up to 18" lina taabu, na "between 18 and 35" lina taabu mara mbili, kwa kuwa halisemi kama pande zake mbili zimo. Mtu akikusudia vijana wa Katiba, aandike "from 18 to 34," naye atakuwa amewafunga wote bila kumwacha hata mmoja.

Wala hili si jambo dogo. Mpango wa serikali wa kuwasaidia wazee kwa fedha, ujulikanao kama Inua Jamii, ulipanuliwa mwaka 2018 uwafikie waliotimiza miaka 70, kwa kiasi cha shilingi 2,000 kila mwezi. Ajuza wa miaka 70 kamili ambaye mwanawe amemwandikia kwamba ni "almost seventy-one" hakusaidiwa na maneno hayo. Yule ambaye mwanawe ameandika "nearly seventy" amefungiwa mlango na mtoto wake mwenyewe.

MTOTO, KIJANA, NA MTU MZIMA

"Youth" ni neno la kuangaliwa. Laweza kuwa ujana wenyewe, au kijana mmoja wa kiume, au vijana wote kwa jumla. Mipaka yake nayo hubadilika kwa mwenye kulitumia: Umoja wa Mataifa, katika hesabu zake, huwahesabu walio na miaka 15 hadi 24, Mkataba wa Vijana wa Afrika wa mwaka 2006 wasema 15 hadi 35, Katiba ya Kenya ni kama ilivyoelezwa. Kikundi kiandikacho ombi la mkopo chini ya jina la "youth group" na kitaje umri wa wanachama wake, kisilitegemee jina tu.

"Teenager" ni rahisi zaidi. Ni mtu wa miaka 13 hadi 19, kwa sababu majina ya hesabu hizo kwa Kiingereza huishia kwa "teen." Wa 12 bado, wa 20 amepita. "Minor" ni neno la sheria, kwa asiyefikia umri wa utu uzima. Na "infant," ambalo leo ni mtoto mchanga, katika sheria ya zamani ya Uingereza lilikuwa mtu yeyote asiyetimiza miaka 21. Anayesoma hati za kale asishangae kumkuta "infant" mwenye ndevu.

Kuna neno moja la umri lililotumiwa kuumiza. Katika miaka ya ukoloni mtu mzima wa Kiafrika, mwenye mke, watoto na mvi kichwani, aliitwa "boy" nyumbani mwa tajiri wake. Kiswahili kililichukua likawa boi, yaani mtumishi wa nyumbani. Watu weusi wa kusini mwa Marekani waliitwa hivyo hivyo. Halikuwa kosa la sarufi. Lilikuwa njia ya kumwambia mtu kwamba hata akiishi miaka mia hatakua. Barua za leo zisilirudishe kwa kusahau. Mtumishi aliyetimiza miaka 18 ni "man" au "woman," na kazi yake ina jina lake: "cook," "gardener," "messenger."

ASIYEIJUA SIKU YAKE

Wako wazee wengi ambao walizaliwa kabla kuandikisha uzazi hakujakuwa jambo la kawaida mashambani. Hawakuandikiwa siku, lakini hawakukosa kumbukumbu. Mmoja atasema alizaliwa mwaka ule ilipotangazwa Hali ya Hatari, nao ni 1952. Mwingine alikuwa akinyonya wakati wa mafuriko makubwa ya 1961. Mwingine alizaliwa bendera ilipopandishwa, Desemba 1963, na mwingine katika ukame wa 1984. Makarani wa hesabu ya watu hutumia orodha za matukio kama hayo wapate kukadiria umri, na mtoto anayemwandikia mzazi wake aweza kufanya vivyo hivyo. Aulize kwa utulivu: Ni mvua ipi? Ni njaa ipi? Nani alikuwa chifu? Ni rika gani lililotahiriwa? Mwishowe mwaka utapatikana, au utakaribiwa.

Akikwisha kuupata, auandike kwa uaminifu. Ikiwa umekadiriwa, aseme umekadiriwa: "born about 1952." Neno "about" halina aibu. Aibu ni kubuni tarehe nzuri yenye siku na mwezi ambayo hakuna aliyeijua, kisha kuandika nyingine katika fomu ya pili. Mtu mwenye miaka mitatu tofauti ya kuzaliwa katika karatasi tatu atatiliwa shaka hata kwa ile iliyo kweli. Na ikiwa kitambulisho kina mwaka wake, huo ndio ufuatwe. Na ukiwa na kosa, kwanza kosa lisahihishwe kwa njia zilizowekwa.

MFANO

Tuseme kijana amwandikia mamaye barua kwa maneno haya: "My mother is a very old woman who has many years. She is bigger than the old chief. Kindly help her." Kila sentensi yaonyesha upendo, wala hakuna hata moja iliyompa karani kitu cha kuandika. Wingi wa miaka haukutajwa, "bigger" limekuwa habari ya kimo, na chifu hajulikani ni yupi.

Barua hiyo hiyo yaweza kuandikwa hivi: "My mother was born on 3 March 1950 and attained the age of 70 on 3 March 2020. A copy of her identity card is attached." Sentensi mbili tu, nazo zatosha. Karani ataiona tarehe, ataipima na kitambulisho, na hatakuwa na neno la kuuliza juu ya umri. Mapenzi ya mwana hayakupungua kwa kuwa ameandika tarakimu. Yameongezeka, maana hii ndiyo barua isiyomrudisha mama njiani mara ya pili.

Wahenga walisema kwamba jungu kuu halikosi ukoko. Mzee ana mengi ya kuwapa walio nyuma yake, na lililo dogo kabisa wanaloweza kumlipa ni kuuandika umri wake bila kuuongeza wala kuupunguza.